Siku za Mwisho Mafia: Minazi Kumi na Mitano ya Shoga Yangu

Wiki jana, msomaji wangu, tuliachana kisiwani Chole, mimi na shoga yangu tukiwa chini ya ule mti mkubwa uliojaa popo wanaoning'inia kama maembe, tunakula pweza wa nazi, na tumewekeana sharti kwamba likizo hii hakuna kuzungumzia fedha.

Kwa wale ambao gazeti lao lilifungiwa vitumbua kabla hawajalisoma, nawapa kwa ufupi. Tumekuja Mafia kwa siku kumi. Shoga yangu ana fremu ya vitenge Kariakoo. Mimi kazi yangu mnaijua, kuzurura na kuandika. Yeye alizaliwa huku huku Mafia, baba mtu wa kisiwani, mama mtu wa Temeke. Ndoa ilipovunjika mama alimbeba mtoto, miaka minne hajatimiza, akapanda jahazi, na tangu siku hiyo jina la Mafia halitajwi nyumbani kwake. Hata baba mtu alipofariki mwaka 2021, shoga alipata habari arobaini imeshasomwa.

Kwa hiyo hii ilikuwa safari ya kupumzika, si ya ukoo. Kwa ndugu tulipita siku ya tatu, nusu saa ya chai, "tumeonana, tumefurahi", basi. Shangazi mtu alituambia tusiondoke kisiwani bila kurudi kwake, ana neno. Tukaitikia vile watu wa mjini wanavyoitikia, huku mguu mmoja uko kwenye bodaboda.

Zikabaki siku tatu.

Alhamisi ilianza vizuri mno. Saa moja asubuhi tuko pwani ya Kilindoni, tumevaa maboya, tunapanda mashua ya injini kwenda kumwona papa potwe. Kama hujapata kumsikia, huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani (nyangumi si samaki, tusibishane). Anafika mita kumi na zaidi, lakini riziki yake ni vijidudu vya baharini na visamaki vidogo anavyovichuja kwa mdomo mpana kama mlango wa gereji. Mtu hamli. Kuanzia Oktoba hadi Machi anaonekana karibu kabisa na Kilindoni, hapo hapo wavuvi wanapovua dagaa, na watalii wanatoka Ulaya kuja kumtazama wakati sisi tulioko ng'ambo ya bahari hatumjui hata kwa picha.

Nahodha wetu, mzee wa makamo mwenye kofia ya vito, hakuwa na haraka. Alitazama rangi ya maji, akatazama waliko wenzake wa dagaa, akazima injini. Kijana wake aliyesimama gubetini akanyoosha kidole. Nami nikaona kivuli. Wallahi nilidhani ni mwamba, mpaka mwamba ulipotikisa mkia.

Masharti ni machache: usimguse, usimzingire, usimpige picha kwa mwanga. Nikaruka. Shoga yangu kuogelea hajui, akashikilia ngazi ya mashua kwa mikono miwili, akazamisha uso na miwani yake. Akatoka hapo anapiga kelele kama mtoto: "Ana madoa! Ana madoa na mistari! Hii doti nikiipata Kariakoo naimaliza siku moja!"

Na kweli, madoa yale hayafanani kwa potwe wawili. Watafiti huwapiga picha ubavuni na kuwatambua mmoja mmoja, kama polisi na alama za vidole. Wenzetu wa pwani ya Kenya humwita papa shilingi. Wanasimulia kwamba Mungu alipomaliza kumuumba alipendezwa naye, akamrushia sarafu mgongoni. Nikamsimulia shoga tukiwa tunajifuta maji.

Akacheka, halafu akanyamaza. Kisha akasema, "Angenidondoshea mbili tatu nikalipe fremu."

Sharti letu likavunjika hapo. Kumbe mwenzangu siku zote saba alikuwa anacheka meno tu. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mwisho tarehe moja. Mkopo wa kikoba bado, na mdhamini wa mkopo ule, msomaji, ni mimi ninayekuandikia. Usicheke.

Tuliporudi gesti saa sita mchana tukamkuta kijana amekalia kiti cha plastiki barazani, soda mkononi, miwani ya jua ameipandisha kwenye paji la uso, simu mbili mapajani. Akasimama kwa adabu.

"Poleni na bahari, dada zangu. Wewe ndiye binti wa marehemu?"

Akalitaja jina la baba mtu kwa ukamilifu, na la babu juu yake. Mafia siri haikai. Ukikohoa Utende, wanakupa pole Kilindoni.

Kijana alikuwa dalali. Ana mteja wake Dar es Salaam, mtu mzito, anatafuta eneo lililotazama bahari. Ameshaongea na kaka wawili wa shoga, watoto wa baba kwa mke mwingine, na wao wameridhia. Limebaki fungu la binti. Shoga akamtumbulia macho. Fungu gani?

"Dada, kwani hujui? Marehemu ameacha minazi sabini na mitano. Mkewa wa huku alimtangulia, kwa hiyo ni watoto watatu tu. Kaka zako thelathini thelathini, wewe kumi na mitano. Iligawiwa kisheria, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Ya kwako ndiyo iliyo mbele, ufukweni. Milioni nne taslimu. Kaka zako kila mmoja nane. Lakini mteja anataka lote au hataki kabisa. Na boti yenu ni Jumapili."

Hapo ndipo kasheshe lilipoanza.

Ijumaa asubuhi tukachukua bodaboda mbili kwenda kwa shangazi. Kijiji sikitaji, maana mambo yenyewe bado mabichi. Tuliiacha barabara kubwa tukaingia mchangani, na kutoka hapo ni minazi kushoto, minazi kulia, ng'ombe wamelala kivulini kana kwamba wamelipia. Watu wanaijua Mafia kwa samaki, lakini mnazi ndio uliowalea wengi huku. Nazi, mbata, makuti, kamba za makumbi, na kwa wasiomcha Mungu sana, tembo. Enzi za masultani kisiwa hiki kikubwa kiliitwa Chole Shamba, na kile kidogo cha Chole kikaitwa Chole Mjini: mabwana walikaa kule, minazi ikakaa huku, na watumwa wakakaa kwenye minazi. Mtafiti wa Kiingereza, Pat Caplan, alifika kijiji cha Kanga, kaskazini, mwaka 1965, akawa anarudi na kurudi kwa miaka mingi, na katika mengi aliyoyaandika limo hili la nani anamiliki nini: ardhi na mti, mwanamume na mwanamke. Mimi nilidhani ni mambo ya vitabuni.

Shangazi alikuwa anakuna nazi uani. Tukampa shikamoo, akatuitikia bila kuinuka kwenye mbuzi, akamaliza nazi yake yote, ndipo akanawa.

"Nilijua mtarudi," akasema. "Yule kijana wa simu mbili alipita hapa kabla yenu. Njooni niwaonyeshe."

Tukamfuata. Mwanamke yule ana miaka sabini na kitu lakini mchangani anakwenda kama anateleza. Minazi kumi na mitano ya shoga yangu imejipanga kuelekea baharini, mingine imeinama mpaka unadhani inataka kunywa maji. Shangazi anaijua mmoja mmoja kama wanawe. Huu unazaa sana lakini nazi zake ndogo. Huu ulipigwa radi, ukapona. Huu mchoyo. Huu madafu yake matamu, watoto wanauibia. Ulio karibu na kisima cha zamani ulikuwa mnene na mrefu kuliko yote, una vidato vya wakwezi tangu chini hadi juu, vya zamani vimeshazibika.

"Na hapa," akasema akigonga shina kwa kiganja, "baba yako alikizika kitovu chako. Mama yako alikuwa amekaa pale mlangoni, ananipigia kelele mimi kwamba shimo halijafika chini."

Shoga hakujibu kitu. Akaligusa shina, akaondoa mkono, akaufuta kwenye kanga.

Turudi nyumbani, shangazi akaingia ndani akatoka na daftari la shule, lile la mistari lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Yeye kuandika hajui. Mjukuu ndiye karani. Humo mliandikwa kila mkwemo tangu baba alipofariki. Minazi kumi na mitano, nazi kadhaa. Ujira wa mkwezi, kadhaa. Zilizoliwa nyumbani, kadhaa. Zilizouzwa kwa mchuuzi wa kupeleka Dar, kadhaa. Makuti yaliyoezekea choo cha shangazi yameandikwa pia, na bei yake, kama deni. Deni! Choo chake mwenyewe, kwa makuti aliyoyakusanya mwenyewe.

Kisha akafungua pindo la kanga. Laki mbili na elfu kumi na saba.

"Fungu lako hilo. Wengine walisema hutarudi, nizile. Nikawaambia mali ya mtoto wa ndugu yangu hailiki, inakaa."

Msomaji, mimi nimeona watu wakidhulumiana ghorofa. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakipelekana mahakamani kwa ajili ya friji. Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia kuku.

Usiku ule gesti hapakulalika. Shoga amekaa kitandani, zile noti ameziweka juu ya mto, hazigusi. Nami nikasema nililokuwa nalo moyoni, na sijalifuta mpaka leo. Nikamwambia: shoga, hesabu ni hesabu. Miaka yote hii minazi kumi na mitano imekuletea laki mbili na kidogo. Huyu anakupa milioni nne kesho. Kodi ya fremu inakwisha, kikoba kinakwisha, na inabaki ya kununua mzigo. Wewe ni mtu wa Kariakoo, hutarudi huku kukwea. Shangazi mpe laki tano, mpe hata milioni, atashukuru. Kitovu kimeshaoza zamani.

Hilo la kitovu ndilo lililomchoma.

"Wewe unaongea kama mdhamini," akaniambia.

"Kwani mimi siyo mdhamini?"

"Ndiyo nasema. Mdhamini, siyo rafiki."

Akazima taa. Tukalala kitanda kimoja, kila mtu na ukuta wake, na feni peke yake ndiyo iliyozungumza hadi alfajiri. Miaka ishirini na mbili ya urafiki, tangu tupo bweni moja sekondari, hatujawahi kulala hivyo. Nilikaa macho nikipiga hesabu nyingine: kikoba kikinidai mimi, nauza nini? Nina cherehani na friji. Si kila jibu kali linatoka kwenye roho mbaya, wakati mwingine linatoka kwenye mfuko mtupu.

Jumamosi, siku yetu ya mwisho, ilikuwa twende tena Chole, tule, tununue ukili na mikeka ya zawadi. Badala yake saa tatu asubuhi tuko chini ya mwembe nyumbani kwa shangazi, na kikao kimejaa. Dalali amefika na karatasi zake kwenye bahasha ya kaki, zimeshapigwa chapa, bado sahihi tu. Kaka mkubwa amekuja na kaka mdogo. Na shangazi, bila kutuambia, alikuwa amemwita mzee mmoja aliyewahi kukaa katika halmashauri ya kijiji miaka mingi, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

Kaka mkubwa ni mvuvi. Alizungumza kwanza, na hakuzungumza vibaya. Injini yake imekufa tangu mwezi wa kumi, anatumia tanga, na kwa tanga huwafikii samaki wanaofikiwa na wenzake. Watoto watano. "Dada, mimi hii minazi naiona kila siku," akasema. "Wewe umeiona jana. Milioni nane kwangu ni injini mpya na nyavu. Ukikataa wewe, mteja anakimbia, na mimi nimekatazwa na mtu asiyejua hata msimu wa kukwea."

Nikasema moyoni, basi, hapa hana jibu.

Mzee wa miwani akaomba karatasi. Akaisoma taratibu, midomo inacheza. Halafu akamwuliza dalali, "Hapa mnanunua minazi au mnanunua ardhi?"

"Vyote, mzee. Eneo pamoja na mazao yaliyomo."

"Haya. Minazi ni ya hawa watoto, hata leo wanaweza kukuuzia, ukakwea ukaondoka na nazi zako. Ardhi ni ya kijiji." Akatueleza, kwa sauti ya mtu aliyeyasema haya mara nyingi bila kusikilizwa, kwamba iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na mtu wa nje ya kijiji hapewi ardhi kwa sahihi za ndugu watatu chini ya mwembe. Lazima ombi lifike halmashauri ya kijiji, nayo iridhie. "Wewe mteja wako ameleta ombi?"

Dalali akasema taratibu hizo zitafuata, muhimu kwanza ni makubaliano ya familia.

"Yatafuata wapi, na wao watakuwa wamekula pesa?"

Kisha mzee akainuka, akatuambia tumfuate ufukweni. Akasimama pale maji yanapofika yakijaa, akageuka, akaanza kuhesabu hatua kuelekea minazini, ndefu, moja moja. Watoto wakawa wanahesabu naye kwa sauti. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Alipofika sitini akachoma kijiti mchangani. Minazi tisa katika kumi na mitano ilikuwa upande wa bahari.

"Huyo mtu mzito," akamwambia dalali, "hoteli yake ataijenga juu ya kaa?"

Watu wakacheka. Dalali naye akacheka kidogo, akashusha miwani ya jua machoni, akasema atampigia mteja. Simu zote mbili, kwa bahati, mtandao hakuna. Akaondoka na bahasha yake, akasema mpaka saa kumi jioni neno lake lipo.

Kaka mkubwa ndiye ambaye hakucheka. Alimtazama dada yake, akauliza, "Na wewe, sheria weka kando. Unataka kuuza au hutaki?"

Shoga yangu akasema hivi, na nayanukuu kwa kuwa nilikuwa pembeni yake: "Kaka, sijui. Lakini leo sitii sahihi. Nitabaki mpaka kijiji kikae. Kikiamua kwa njia yake, tutaongea mimi na wewe, bila mtu wa simu mbili. Hizi laki mbili na elfu kumi na saba chukua wewe, ukatengeneze ile injini iliyokufa, kama inatengenezeka."

Kaka akaziangalia zile noti muda mrefu. Hakuzichukua. Akaaga shangazi, shoga hakumuaga, akaenda zake na mdogo wake nyuma. Chai ilishamiminwa, ikapoa.

Saa kumi jioni ikafika, ikapita. Jua la mwisho la likizo yetu tulilitazama kutoka kwenye kile kisima cha zamani, tumekaa juu ya kifuu kikubwa cha zege kilichopinduliwa, miguu mchangani. Mimi nikamwambia, "Kikoba je?" Akasema, "Nitalipa." Nikamwambia, "Kwa nini?" Akasema, "Kwa vitenge. Kwani nilikopa nikiwa na minazi?" Nikashindwa la kusema, nikamega muhogo. Akanimegea na yeye samaki. Basi, yakaisha namna hiyo, bila kuombana radhi, kama yanavyoisha ya watu waliozoeana.

Boti za Nyamisati zinafuata maji, hazifuati usingizi wako. Saa tisa ya usiku nilikuwa gatini Kilindoni na begi langu, na gunia la nazi ambalo shangazi aliagiza lifike Temeke kwa mama mtu. "Mwambie zimetoka kwangu," alisema. "Usimwambie zimetoka Mafia, ataziacha mlangoni." Shoga alinisindikiza, amejifunga kanga mbili kwa upepo wa kaskazi. Siku kumi tumekuja wawili, naondoka peke yangu na nazi.

Safari yenyewe ni saa kadhaa. Bahari ya wazi kwanza, watu wanatapika kwa zamu, halafu boti inaingia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji na maji yanatulia kama ya beseni. Humu ndimo Wajerumani walipoificha manowari yao Königsberg wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza wakaiteka Mafia Januari 1915, wakarushia ndege kutoka pale kuitafuta, na Julai mwaka huo ikaangamizwa. Bwana mmoja aliyekaa karibu nami alinisimulia yote hayo kwa mikono, huku amelikalia gunia langu. Nami mawazo yangu yako kwa mtu mwingine aliyejificha kisiwani.

Nijuavyo mpaka naandika haya ni machache. Shoga alirudi baada ya siku tisa. Kijiji kilikaa, majina ya watoto watatu yakaandikwa na mipaka ikaonyeshwa. Ombi la yule mtu mzito halikuletwa. Fremu ameigawa nusu kwa nusu na fundi cherehani, vitenge vyake sasa vinaning'inia mpaka nje. Marejesho mawili ya kikoba nimelipa mimi, na nimeyaandika kwenye daftari, la mistari, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kaka mkubwa simu yake haipokei. Shoga ameshampigia sana.

Lakini nilikuwa nawaambia habari za gunia. Konda kutoka Nyamisati alilitoza nauli ya mtu mzima. Mbagala nikalitozwa tena. Nikafika Temeke jioni, jasho linanitoka, nikampa mama mtu shikamoo, nikamwambia, hizi zimetoka kwa shangazi wa mwanao.

"Liweke uani," akasema, na hakulitazama. Akaniuliza mwanawe yuko wapi. Nikamweleza kwamba amebaki, na kwa nini amebaki, minazi, dalali, kikao, yote. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akanyanyuka, akaenda uani. Nikasikia nazi inavunjwa kwa pigo moja, pigo la mtu aliyezoea. Akarudi na kifuu mkononi, amekinusa, amelamba maji yake kidoleni.

"Ule mnazi wa kisimani," akaniuliza, "bado upo?"